Vipindi vya Vikaragosi: Shule ya Kwanza ya Mtoto Kabla ya Darasa la Awali Mbulu na Hanang

Mtoto wa miaka mitano anayeingia kwa mara ya kwanza katika darasa la awali kwenye kijiji cha milima ya Mbulu, au kwenye tambarare za Basotu wilayani Hanang, hukutana siku hiyo na mambo mapya mengi kwa mpigo. Kuna mwalimu asiye ndugu yake, watoto asiowafahamu, kengele, mstari, na kwa wengi wao kuna jambo jingine zito zaidi: lugha. Nyumbani ameitwa, ameonywa na kubembelezwa kwa Kiiraqw, Kidatoga, Kihadza au Kinyaturu. Shuleni anasalimiwa kwa Kiswahili, anafundishwa kuhesabu kwa Kiswahili, na anatakiwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiswahili.

Mtoto huyo hajakosa akili wala malezi, ila hajapata muda wa kuizoea lugha ya shule. Elimu ya awali ni ya mwaka mmoja, na sehemu ya mwaka huo hutumika kumfanya mtoto aelewe tu kile anachoambiwa. Ndiyo maana wataalamu wa makuzi ya mtoto wanatilia mkazo miaka inayotangulia shule, na ndiyo maana vipindi vya televisheni vya watoto, hasa vile vya upole vinavyotumia vikaragosi na katuni kufundisha mambo ya maisha ya kila siku, si burudani ya kupitisha muda pekee. Vikiandaliwa vizuri na kutazamwa vizuri, vinaweza kumfikisha mtoto mlangoni mwa darasa akiwa tayari amekwisha kusikia Kiswahili cha kuhesabu, cha kuomba, cha kushukuru na cha kueleza hisia zake.

Wilaya zenye lugha nyingi

Mbulu na Hanang ni miongoni mwa wilaya za Mkoa wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Arusha. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, mkoa huo una wakazi 1,892,502. Kinachoutofautisha na mikoa mingi nchini ni mchanganyiko wa lugha zake. Kiiraqw, kinachozungumzwa na Wairaqw ambao wengi huwaita Wambulu, ni lugha ya Kikushi. Kidatoga, kinachozungumzwa na Wabarabaig wa Hanang na jamii nyingine za Wadatoga, ni ya Kiniloti. Kihadza, lugha ya Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, kina sauti za kugonga ulimi na hakina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote. Kinyaturu na lugha jirani ni za Kibantu.

Kwa mtoto wa pwani au wa mjini, Kiswahili cha darasani ni mwendelezo wa kile cha nyumbani. Kwa mtoto wa Kinyaturu, lugha ya mama ina angalau undugu na Kiswahili katika muundo wa maneno. Mtoto wa Kiiraqw, Kidatoga au Kihadza huanza mbali zaidi, kwa kuwa maneno, sauti na mpangilio wa sentensi vyote ni vigeni kwake. Hivyo kila saa anayosikia Kiswahili sahihi, kinachotamkwa taratibu na kuambatana na picha inayoeleza maana, ni saa inayompunguzia safari hiyo.

Kutoka redioni hadi kwenye kioo

Wazo la kumfundisha mtoto kupitia chombo cha habari si geni nchini. Kwa miaka mingi watoto wa Tanzania walikusanyika kando ya redio kusikiliza kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam, na sauti ya Deborah Mwenda, msimulizi wa hadithi katika kipindi hicho, bado inakumbukwa na watu ambao leo ni wazazi na babu. Hadithi zilikuwa na wanyama wanaozungumza, nyimbo za kurudia na funzo mwishoni. Vipindi vya vikaragosi vilirithi mengi kutoka katika usimulizi wa namna hiyo, kisha vikaongeza picha.

Duniani, kipindi kilichobadilisha mtazamo kuhusu televisheni ya watoto ni Sesame Street, kilichoanza kurushwa nchini Marekani Novemba 10, 1969. Waanzilishi wake, Joan Ganz Cooney na Lloyd Morrisett, waliuliza swali rahisi: ikiwa watoto wanakariri matangazo ya biashara ya televisheni bila kufundishwa na mtu, kwa nini chombo hichohicho kisitumike kuwafundisha herufi, namba na tabia njema, hasa watoto wa familia zisizo na uwezo wa kuwapeleka shule za awali? Vikaragosi vya Jim Henson vilipewa kazi ya kujibu swali hilo.

Jambo lililokitofautisha kipindi hicho halikuwa vikaragosi pekee, bali utaratibu wa kazi. Walimu, watafiti na watayarishaji walikaa meza moja. Kila sehemu ilitengenezwa kwa lengo la somo linalojulikana, na baadhi zilijaribiwa kwa watoto kabla ya kurushwa. Mtafiti Edward Palmer aliweka televisheni mbele ya mtoto, na pembeni akaweka kioo kingine kilichobadilisha picha kila baada ya sekunde saba na nusu. Kisha alihesabu ni wakati gani mtoto aligeuza macho kutoka kwenye kipindi. Sehemu iliyopoteza macho ya watoto ilirekebishwa au kuondolewa. Kwa njia hiyo, mtoto mwenyewe akawa mhariri wa kipindi chake.

Baadaye nchi nyingi zilitengeneza matoleo yao. Afrika Kusini ilianza Takalani Sesame mwaka 2000, na mwaka 2002 ikamleta Kami, kikaragosi cha kike anayeishi na virusi vya UKIMWI, ili watoto wazungumze juu ya ugonjwa huo, kufiwa na unyanyapaa bila hofu. Tanzania nayo ilipata toleo lake, Kilimani Sesame, mwishoni mwa miaka ya 2000. Mradi huo ulitumia Kiswahili na vyombo mbalimbali, vikiwemo vitabu, redio na televisheni, na ulibeba masomo ya kusoma, kuhesabu, afya, kujikinga na malaria, pamoja na kuwaheshimu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Mwaka 2013 ilianzishwa jijini Dar es Salaam taasisi ya Ubongo, na mwaka 2014 kipindi chake cha Ubongo Kids kikaanza kuonekana kupitia Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Kipindi hicho hutumia katuni badala ya vikaragosi, lakini njia yake ni ileile: marafiki wanaokabiliwa na tatizo la kawaida, wimbo wa kukumbuka, na jibu linalopatikana kwa kufikiri. Kwa watoto wadogo zaidi ilifuata Akili and Me, yenye msichana mwenye umri wa miaka minne anayeishi na familia yake jirani na Mlima Kilimanjaro na ambaye, anapolala, huingia katika ulimwengu wa ndoto pamoja na rafiki zake wanyama. Mandhari, majina, mavazi na vyakula vinavyoonekana humo ni vya Kiafrika, na mtoto wa Kitanzania hahitaji kuelezwa ugali ni nini.

Kwa nini kikaragosi husikilizwa

Mzazi anaweza kujiuliza kwa nini mtoto aliyeambiwa mara kumi na mama yake anawe mikono hasikii, lakini akiambiwa mara moja na kikaragosi cha kitambaa hukimbilia maji. Sababu ni kadhaa na zinaeleweka.

Kwanza, kikaragosi hakina mamlaka juu ya mtoto. Si mzazi, si mwalimu, si mkubwa. Mara nyingi hujua machache kuliko mtoto anayemtazama: husahau jina la namba, huogopa giza, hukasirika anaponyang'anywa mpira. Mtoto anayeona rafiki amekosea hupata nafasi adimu ya kuwa mwalimu. Anamsahihisha kwa sauti, na katika kumsahihisha anajifunza.

Pili, kikaragosi kinaweza kubeba kosa bila kumuaibisha mtu. Mtoto aliyekojoa kitandani, aliyesema uongo au aliyempiga mdogo wake hawezi kujadiliwa mbele ya wenzake bila kuumia. Kikaragosi kilichofanya hayohayo kinaweza kuulizwa, kikaeleza kilichokuwa moyoni mwake, kikaomba radhi na kusamehewa. Mtoto huona njia nzima, kuanzia kosa hadi upatanisho.

Tatu, vipindi vya upole huenda taratibu. Picha haibadiliki kila sekunde. Mhusika huuliza swali, kisha hunyamaza na kutazama mbele. Ukimya huo umewekwa kwa makusudi ili mtoto ajibu. Neno jipya hurudiwa katika wimbo, kisha katika mazungumzo, kisha katika mchezo. Kwa mtoto anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili, marudio hayo ndiyo somo lenyewe, kwa kuwa anasikia neno "chini" wakati ule ule anapoona mpira ukianguka chini.

Mbinu hii si ngeni kwa jamii za Mbulu na Hanang. Mabibi wa Kiiraqw na Kidatoga walifundisha kwa hadithi za wanyama jioni kando ya moto kabla ya umeme kufika. Aidha, katika slufay, utenzi wa dua na baraka wa Wairaqw, mzee hutamka na waliohudhuria huitikia kwa pamoja. Ni desturi ya kauli na kiitikio, sawa na ile ya msimulizi wa pwani anayesema "Paukwa" na kusubiri "Pakawa". Kikaragosi kinachouliza na kusubiri jibu kinafuata njia ambayo wazee wa maeneo hayo wanaijua.

Utafiti unasema nini

Faida za vipindi hivi zimepimwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 na watafiti Marie-Louise Mares na Zhongdang Pan ulikusanya tafiti 24 kuhusu matoleo ya Sesame Street katika nchi 15, zilizohusisha watoto zaidi ya 10,000. Ulionesha kuwa watoto waliotazama walipata mafanikio katika maeneo matatu: kusoma na kuhesabu, kuuelewa ulimwengu ikiwemo afya na usalama, na kuishi na watu wengine.

Nchini Tanzania, watafiti Dina Borzekowski na Jacob Macha walichapisha mwaka 2010 matokeo ya utafiti kuhusu Kilimani Sesame uliohusisha watoto 223 wa Kisarawe mkoani Pwani na wa jijini Dar es Salaam. Baada ya wiki sita, watoto waliokipokea kipindi hicho kwa karibu zaidi walionesha maendeleo katika stadi za kusoma na kuhesabu, katika masuala ya kijamii na kihisia, na katika uelewa wa malaria na virusi vya UKIMWI. Utafiti mwingine wa Borzekowski, uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha watoto zaidi ya 500 wa shule za Morogoro, ulionesha kuwa waliotazama Akili and Me walifanya vizuri zaidi katika stadi kadhaa za awali, kama vile kutambua maumbo na namba, kuliko waliotazama vipindi vingine.

Matokeo hayo yanapaswa kusomwa kwa uangalifu. Hayasemi kwamba televisheni inachukua nafasi ya mwalimu, wala kwamba kila katuni inafundisha. Yanahusu vipindi vilivyoandaliwa kwa lengo la elimu, kwa lugha ambayo mtoto anaweza kuifuata, na katika mazingira ambayo watoto walipewa nafasi ya kutulia na kutazama.

Mafunzo yanayogusa maisha ya Manyara

Thamani ya kipindi cha maisha ya kila siku hupimwa kwa mambo ambayo mtoto atayatumia kesho asubuhi. Katika Mbulu na Hanang, mambo hayo yanajulikana. Familia nyingi ni za wakulima na wafugaji, na mtoto hukua karibu na ng'ombe na mbuzi. Somo la kunawa mikono baada ya kushika mifugo, la kuchemsha maziwa kabla ya kunywa, na la kuosha uso kila siku ili kujikinga na trakoma, ni masomo yanayoingia vizuri katika hadithi ya dakika tano. Vilevile somo la kukaa mbali na moto wa jikoni, la kutovuka korongo lililojaa maji ya mvua, na la kumwambia mtu mzima kabla ya kuondoka nyumbani.

Lipo pia somo la hisia. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80 na kuharibu makazi na mali. Serikali iliokoa manusura, ikatibu majeruhi, ikapeleka wataalamu wa ustawi wa jamii kwa ajili ya msaada wa kisaikolojia, na baadaye zaidi ya nyumba 100 zilijengwa katika eneo la Waret kwa ajili ya walioathirika. Nyumba hujengwa upya kwa tofali na bati. Hofu ya mtoto anayeamka usiku kila mvua inaponyesha huhitaji kazi ya aina nyingine.

Mtoto mdogo mara nyingi hana maneno ya kueleza alichokiona. Akiulizwa moja kwa moja hunyamaza, au husema tumbo linauma. Hapo ndipo kikaragosi kinapofaa. Mlezi anaweza kusema kuwa kikaragosi kinaogopa radi, kisha akamuuliza mtoto kikaragosi kifanye nini. Mtoto hujibu kwa niaba ya kikaragosi, na jibu hilo humpa mlezi dirisha la kuona kilichomo moyoni mwake. Vipindi vya watoto hufanya hivyo kwa wengi kwa wakati mmoja: mhusika anaogopa, anamwambia mtu mzima anayemwamini, anapumua taratibu, anakumbatiwa. Pale hofu inapoendelea kwa muda mrefu, mtoto hapati usingizi au anajitenga na wenzake, mzazi anashauriwa kumwona afisa ustawi wa jamii au mtoa huduma wa afya.

Somo jingine ni la ulinzi. Takwimu za Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 zinaonesha kuwa asilimia 43 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Manyara wamekeketwa, ikilinganishwa na asilimia 58 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Kiwango kimeshuka, lakini bado ni kikubwa mno kikilinganishwa na wastani wa taifa wa asilimia 8. Kipindi cha watoto hakiwezi kubeba mjadala mzima wa ukeketaji. Kinaweza, hata hivyo, kumfundisha mtoto mapema kwamba mwili wake ni wake, kwamba siri inayomuumiza haifai kutunzwa, na kwamba ana haki ya kumwambia mwalimu au mtu mzima anayemwamini. Msichana aliyesikia hayo akiwa na miaka mitano anayakumbuka akiwa na miaka kumi. Kwa wanaohitaji msaada, Huduma ya Simu kwa Mtoto inapatikana kupitia namba 116 bila malipo.

Umeme umefika, kinachotazamwa ni kipi?

Kusambazwa kwa umeme vijijini kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), pamoja na kuenea kwa nishati ya jua, kumefanya televisheni kuwa kifaa cha kawaida hata mbali na miji ya Mbulu, Dongobesh, Haydom na Katesh. Mabadiliko ya kutoka mfumo wa analojia kwenda dijitali, yaliyoanza nchini Desemba 31, 2012, yaliboresha picha lakini yakaongeza hitaji la king'amuzi. Familia isiyo na uwezo wa kununua televisheni, king'amuzi au paneli ya sola, hutegemea jirani, au mtoto hujitafutia mwenyewe.

Hapo ndipo penye hatari. Mtoto anayejitafutia burudani huishia kwenye banda la video, maarufu kama kibanda umiza, ambako kwa fedha kidogo hutazama filamu za mapigano na mambo ya watu wazima zilizotafsiriwa kwa Kiswahili cha mzaha. Wengine hupewa simu janja ili watulie, na simu huwapeleka kutoka video moja hadi nyingine bila mtu kujua. Kiswahili wanakipata, lakini pamoja nacho wanapata matusi, ubabe na hofu. Kwa hiyo swali linaloikabili familia si kama mtoto atatazama kioo. Ni nani atakayemchagulia cha kutazama.

Kanuni za Maudhui ya Utangazaji wa Redio na Televisheni za mwaka 2018 zinawataka watangazaji kuwalinda watoto dhidi ya maudhui yasiyofaa. Hata hivyo, kanuni huishia kwenye kituo cha utangazaji. Haziingii sebuleni kushika rimoti, wala hazisimami mlangoni mwa kibanda kumuuliza mtoto umri wake. Kazi hiyo ni ya mzazi, mlezi, na uongozi wa kijiji na mtaa.

Saa moja, tena kwa pamoja

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri kuwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa, kwa mtoto wa mwaka mmoja jambo hilo pia halishauriwi, na mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Muda unaobaki ni wa kukimbia, kucheza, kusimuliwa hadithi na kulala.

Saa hiyo moja huzaa zaidi mtu mzima anapokaa pamoja na mtoto. Si lazima mzazi awe amesoma sana, wala awe mzungumzaji hodari wa Kiswahili. Kikaragosi kikihesabu maembe matatu, mama anaweza kumuuliza mtoto ahesabu mahindi matatu yaliyo kapuni, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa Kiiraqw au Kidatoga. Kufanya hivyo hakumchanganyi mtoto. Kunamwonesha kuwa tatu ni tatu katika lugha zote, na lugha ya mama inabaki na heshima yake. Baba anayemuuliza mwanawe, "Leo yule rafiki yako wa kwenye televisheni alikosea wapi?" amegeuza dakika kumi za burudani kuwa mazungumzo ya malezi.

Wajibu wa Serikali na wadau

Serikali imeweka msingi wa kisera kwa ajili ya kazi hii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kupata malezi, elimu na ulinzi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliipa elimu ya awali nafasi katika mfumo rasmi, na utaratibu wa elimu bila ada, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, ulifungua milango kwa watoto wengi zaidi. Desemba 13, 2021, jijini Dodoma, ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM) ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26, inayomlenga mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Programu hiyo inasimamia mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.

Uzoefu wa mwaka 2020 pia uliacha funzo. Shule zilipofungwa Machi kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, masomo yalipelekwa kwa wanafunzi kupitia redio na televisheni hadi shule zilipofunguliwa Juni. Ilidhihirika kuwa chombo cha habari kinaweza kufika mahali ambapo mwalimu hafiki, na pia kuwa kaya isiyo na chombo hicho huachwa nyuma mara mbili.

Lipo pia suala la uendelevu. Kipindi kizuri cha watoto ni ghali, kwa kuwa kinahitaji waandishi, walimu, wachora katuni au wachezeshaji vikaragosi, wanamuziki na watafiti. Vipindi vingi vya aina hii barani Afrika vimetegemea wafadhili, na ufadhili unapokwisha kipindi hukoma ilhali watoto wanaendelea kuzaliwa. Vituo vya utangazaji, halmashauri, vyuo vya sanaa na sekta binafsi vina nafasi ya kuchangia ili uzalishaji wa ndani usisimame. Redio za kijamii, ambazo gharama yake ni ndogo na usikivu wake ni mpana, zinaweza kuwa mahali pa kuanzia. Siku mtoto wa Hanang atakapoona kwenye kioo mlima unaofanana na wake, na mtoto wa Yaeda Chini akamsikia mhusika akiitwa kwa jina la kwao, somo litakuwa limemsogelea zaidi.

Pasipo televisheni

Kaya isiyo na televisheni haijakosa kila kitu, kwa sababu kikaragosi hakihitaji umeme. Soksi kuukuu yenye vifungo viwili vya shati huwa na macho na mdomo mara mkono unapoingia ndani. Gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa huwa bibi, mtoto au mgeni. Kibuyu kidogo kilichochorwa kwa mkaa huwa uso. Mwalimu wa darasa la awali, mlezi wa kituo cha kulelea watoto mchana, au kaka mkubwa nyumbani, anaweza kukificha nyuma ya khanga iliyotandazwa kati ya viti viwili na kuanza kuzungumza.

Kanuni ni chache. Kikaragosi kiwe na jina na tabia isiyobadilika ili mtoto akifahamu. Kiulize zaidi ya kinavyoeleza. Kikosee mara kwa mara na kikubali kusahihishwa. Kisitumike kumtisha mtoto wala kumdhihaki, kwa kuwa siku kitakapomtisha kitapoteza imani yake. Na kila mazungumzo yabebe jambo moja tu: leo kunawa mikono, kesho kusubiri zamu, keshokutwa kusema "samahani".

Darasa la awali lenye watoto wengi na mwalimu mmoja linaweza kunufaika na njia hii. Mtoto mwenye haya ambaye hajawahi kufungua mdomo mbele ya mwalimu mara nyingi huanza kwa kuzungumza na soksi. Neno lake la kwanza la Kiswahili huenda likawa "hapana", kwa kuwa kikaragosi kimesema kuwa ng'ombe ana miguu miwili. Mwalimu makini hupokea neno hilo kwa furaha, kisha humuuliza: "Anayo mingapi?"